Moja Nukta Nane

Saada mwanangu,

Usishangae kuandikiwa barua na mtu aliye chumba cha pili. Mimi niko huku mbele, mezani pangu, mlango nimeurudisha, na nyinyi wawili nawasikia uani mnavutana juu ya lile koti. Mama yako anataka ulivae kesho kuanzia hapa nyumbani. Wewe unasema utaiva kabla treni haijafika Jinja. Una haki, utaiva. Lakini livae, mama. Amezunguka soko la Owino asubuhi tatu kulitafuta, amelifua kwa kile kipande cha sabuni tulichokuwa tumekificha, na anachotaka ni kukuona tu ndani yake kwa macho yake mwenyewe. Ukishapita Jinja, livue.

Hayo ndiyo maagizo yangu yote ya safari. Mengine ya kula, ya kusali, ya kujifunika kichwa kwenye baridi, mama yako amekwisha kuyasema na atayarudia mpaka filimbi ya treni ipulizwe. Mimi nina jambo moja tu, na kwa mdomo siliwezi. Nikilisema humu ndani, mama yako atasikia. Nikingoja hadi kesho stesheni, atakuwepo yule mtu anayetumwa na meja wa jeshi kutuchunga, mwenye miwani ya jua hata siku za mvua, amesimama karibu nasi utadhani ni shemeji yetu. Ndiyo maana nimekaa kuandika mara tu baada ya sala ya alasiri, macho yangu yakiwa bado yanapata mwanga.

Nilitangulize jambo lenyewe ili usisome kwa wasiwasi. Itakuja siku utapata barua yangu, kwa mwandiko huu huu unaoucheka, ikikwambia urudi nyumbani. Pengine haitakuwa yangu, ingawa mkono ni wangu. Nataka ujue namna ya kuzitambua hizo barua, na ili ujue, inabidi nikusimulie makosa yangu. Nivumilie. Unanijua, nikishika chaki sitoki darasani mapema.

Unaikumbuka mashine? Ile ya kuhesabia, ya chuma, yenye mkono wa kuzungusha, niliyoiazima chuoni nikaileta hapa mlimani Kibuli kwa sababu umeme wa kule ofisini ulikuwa hauaminiki na mashine hii haikuuhitaji. Ulikuwa sekondari, bado unatafuna penseli, tabia ambayo naona hukuiacha. Mimi nasoma tarakimu, wewe unazungusha, krrr, krrr, na mama yako anasema nyumba imegeuka kiwanda cha kushona. Siku moja ukaacha kuzungusha, ukaniuliza, "Baba, kwani tunahesabu nini?" Nikaona aibu. Wiki nane nakutumikisha na sijakwambia.

Nikakukumbusha lile beseni la bluu. Ulipokuwa na miaka saba ulikuwa ukiteremka bombani asubuhi, unalijaza mpaka ukingoni kwa tamaa yako, na unafika nyumbani na nusu beseni na gauni zima limelowa. Nikakwambia, kiini cha atomu kina protoni na nyutroni, wamejazana humo kila mmoja kwenye ngazi yake. Ukikipiga kwa mwale wa gama, kinaitikia. Swali letu ni moja tu: kinaitikiaje? Wako wanaosema chembe moja inaruka peke yake kwenda ngazi ya juu na wenzake wanabaki wametulia. Wako wanaosema hapana, wote wanayumba pamoja, protoni huku, nyutroni kule, kama maji ya beseni lililogongwa ubavuni. Sisi tulikuwa tunaanza na ile picha ya kwanza, ya kila mmoja peke yake, halafu tunaingiza jinsi wanavyovutana, tuone kama hesabu yenyewe itawakusanya wayumbe pamoja. Tulichukua oksijeni, kwa kuwa ni ndogo na mikono yetu ni miwili tu. Wewe ukasema, "Kumbe tunahesabu hii ninayoivuta sasa hivi," ukavuta pumzi kwa makeke, ukaendelea kuzungusha. Siku hiyo nilijua utakuwa mtu wa kazi hii. Sikukwambia, na hilo nalo nalijutia, kwa sababu ungesikia raha.

Mayumbo makubwa tuliyapata, juu kule yanakotakiwa kuwa. Lakini chini kabisa pakatokea ngazi nyingine, kwenye nishati ya moja nukta nane, ambayo haikuwemo katika kitabu chochote nilichokuwa nacho. Na kiini kiliiitikia kwa nguvu ya ajabu. Tulirudia mara tatu. Moja nukta nane. Ewe, nilivimba kichwa! Unakumbuka kuku aliyechinjwa, unakumbuka pilau. Nikaipa jina kabisa, nikaiita Ngazi ya Kibuli, na nikatembea mlimani wiki nzima nikiwasalimia watu kwanza, jambo ambalo majirani walilitafsiri kuwa nimepata mke wa pili.

Mtu aliyeniharibia furaha hiyo alikuwa Opio. Wewe unamjua kama mjomba Opio wa Ijumaa, aliyekuwa akila nasi na kukuletea karanga. Nikukumbushe na upande wake wa kazini. Alikuwa mwalimu mdogo idarani kwetu, mtoto wa sajini wa polisi kutoka kaskazini, kakulia kambini na Kiswahili chake ni cha kambini, lakini kwenye hesabu hakuna aliyemfikia, na mimi nikiwemo. Nilimpa karatasi zangu azipitie, kwa vile jina lake nalo lilikuwa juu pamoja na langu. Akaja Ijumaa, akala, akanawa, halafu akasema taratibu, "Mwalimu, hii moja nukta nane hapana kutikisika. Hii kiini mzima natembea."

Nikamwambia sijamwelewa. Akainuka, akachukua lile bakuli la kunawia mikono likiwa na maji yake, akalibeba polepole kutoka mezani mpaka mlangoni, hatua kwa hatua, bila kumwaga tone. "Maji nacheza ndani? Hapana. Bakuli ilikuwa pale, sasa iko hapa. Basi." Wewe ulicheka ukapiga makofi. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikwisha kumwelewa.

Wewe sasa unalijua hili kunishinda, lakini acha niliseme mwenyewe, ni adhabu yangu. Kiini ambacho hakuna kilichokifunga, ukikisukuma kizima kinakwenda tu. Hakuna kinachokivuta kirudi, kwa hiyo hakiyumbi, na hesabu iliyo sawa lazima ikupe sifuri kwa mwendo huo. Yetu haikuwa sawa. Tulikata ngazi za juu kwa sababu mkono wako ulikuwa unauma na mimi nilikuwa na haraka, na pale tulipokata ndipo sifuri ilipopoteza njia ikawa moja nukta nane, ikavaa nguo za ugunduzi. Hapakuwa na kitu kipya ndani ya oksijeni. Kilikuwa kiini kinahama nyumba.

Unadhani nilimshukuru? Nilimwambia, mbele yako na mbele ya mama yako, "Kijana, mimi nilianza kuhesabu viini wewe ukihesabu vifungo vya sare ya baba yako." Akalirudisha bakuli mezani, bado bila kumwaga, akamshukuru mama yako kwa chakula, akaenda zake. Asubuhi yake nililikata jina lake kwenye makala, nikaipeleka posta ikiwa na jina langu peke yangu. Ijumaa iliyofuata ukauliza mjomba Opio yuko wapi, nami nikasema ana kazi nyingi.

Sasa sikia la pili, ambalo sijamwambia mtu yeyote aliye hai.

Mwezi huo huo yule meja alikuja kukagua idara. Ni mwaka ule baada ya Wahindi kufukuzwa, maduka matupu, na wanajeshi wanakagua kila kitu, hata maktaba. Akasimama maabara, fimbo kwapani, akauliza kwa Kiswahili kile kile cha kambini, "Hapa nafanya nini?" Mkuu wetu wa idara alibabaika. Mimi, kwa kuwa kichwa kilikuwa bado kimevimba, nikajipenyeza mbele. "Afande, hapa tunachunguza nguvu iliyomo ndani ya kiini cha atomu. Na juzi tu nimegundua jambo ambalo dunia nzima hailijui."

Akanitazama. "Nyuklia?"

"Nyuklia, afande."

"Bomu?"

Saada, ilitakiwa neno moja tu. Hapana, afande, sisi tunaandika kwenye karatasi, hata taa hatuwezi kuwasha. Sikulisema. Nilitabasamu. Kwa miaka mingi nilikuwa naeleza kazi yangu na watu wanapiga miayo, wajomba zako wananiuliza nitafanya lini kazi ya maana, na huyu hapa mtu mzima mwenye bunduki ananitazama kwa heshima. Tabasamu likanitoka lenyewe. Kesho yake gari likaleta hapa nyumbani gunia la sukari na karatasi nyeupe za mwaka mzima. Mama yako alipiga vigelegele. Ile halwa ya Idi mliyosema ni tamu kuliko zote, ndiyo hiyo. Uliniuliza sukari imetoka wapi nikakwambia ni ya kazini.

Basi akawa anakuja. "Profesa, bomu nafika wapi?" Nami si profesa, lakini hilo nalo sikulisahihisha. Nilikuwa namwonyesha milinganyo, naye anaitazama kwa kichwa upande na kuondoka ameridhika. Mpaka siku moja akaniuliza kama kuna mtu anayenikwamisha. Nami nilikuwa bado nina kinyongo, makala haijajibiwa, na Opio tunapishana kwenye ngazi za idara kama wageni. Nikacheka kidogo nikasema, "Yupo kijana mmoja hapa anayedai yote ni uongo."

"Nani?"

Nikamtaja.

Nilidhani nimemchongea kidogo tu, kama mtu anavyomsemea mwenziwe kwa mwalimu. Meja akalitamka lile jina mara mbili, polepole, jina la kaskazini, la watu waliokuwa wakisakwa na jeshi wakati ule, akaliandika kwenye kijitabu. Nikaanza kueleza kwamba ni kijana mzuri, kwamba ni mabishano ya hesabu tu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa na kusema, "Nimeelewa, profesa. Nimeelewa."

Siku nne baadaye, adhuhuri, Opio alibisha langoni hapa. Wewe ulikuwa shule. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Bugolobi alikopanga, jasho tupu, mkononi ana daftari. Sijui kama alikuwa amekwisha kusikia lolote. Nilipomwona, woga na aibu vilinijia pamoja, nikafungua lango kiasi cha bega langu, nikasimama pale pale. Hii ni nyumba ya babu yako, mwanangu. Babu yako alitoka pwani na bidhaa zake akajenga hapa, na tangu hapo hakuna mtu aliyebisha akakosa kuambiwa karibu, si Muislamu si Mkristo, si mlevi, si mkusanya kodi. Mimi mwanawe nilisimama kwenye mwanya wa lango na neno hilo halikunitoka.

Akaningoja kidogo. Nadhani alikuwa anangoja hilo neno. Halafu akanipa daftari. "Mwalimu, nimeandika yote. Ukiweka ngazi zote, hapana kata, sifuri nakuja yenyewe." Nikasema ahsante. Akasema, "Salimia Saada. Sema karanga iko safari ijayo." Akateremka mlima. Nilimtazama mpaka kwenye kona, na hata hapo ningeweza kumwita, sauti ninayo. Sikuita.

Keshokutwa yake chumba chake kilikuwa kitupu. Wengine walisema alitoroka kabla hawajafika, wengine walisema wamemkuta. Mpaka leo sijui, Saada. Nimeuliza kwa njia zote ambazo mwoga anaweza kuuliza. Baba yake sajini naye alikuwa hayuko tena kambini.

Daftari nililifungua baada ya wiki. Nilikaa hapa hapa, nikazungusha mashine mwenyewe siku kumi, nikaingiza ngazi zote bila kukata. Ikaja sifuri. Ilikuja yenyewe, kama alivyosema, na nililia mpaka mama yako akadhani kuna msiba. Wiki hiyo hiyo makala ikarudishwa kutoka ng'ambo na mistari miwili, mtu nisiyemjua ananiambia jambo lile lile la bakuli. Wewe nilikwambia wamekataa kwa sababu hawatujali sisi watu wa huku. Hawakuwa na kosa. Hesabu ile niliiandika upya, na juu niliweka jina la Opio kwanza. Imo sandukuni mwako, chini ya vitabu. Ukifika, ipeleke ichapishwe hivyo hivyo.

Sasa tuje kwako. Ulipopata nafasi ya kusoma huko ng'ambo, mlisherehekea wewe na mama yako, nami niliingia chooni nikakaa, maana nilijua hutapewa ruhusa ya kutoka. Nilikudanganya kwamba mkuu wa chuo ndiye aliyekupatia ruhusa hiyo. Nilikwenda mimi kwa meja, kwa miguu yangu. Nikamwambia bomu limechelewa kwa sababu hapa hatuna mtaalamu, na kwamba binti yangu akipelekwa, atarudi nalo kichwani. Akauliza, "Nakuja kurudi?" Nikasema atarudi. Akanipa karatasi nikatia sahihi kwamba nakudhamini kwa nafsi yangu. Mara ya kwanza nilimwachia aamini uongo kwa sababu ya majivuno. Safari hii nilimuuzia kwa makusudi, na sikuona haya hata kidogo.

Sasa usianze. Nakujua, hapa umekwisha kukunja uso na unataka kuja kunigongea mlango useme huendi. Utakwenda. Ukibaki, atakuweka wewe maabara badala yangu, na siku atakapogundua kwamba hakuna bomu na halijawahi kuwepo, wewe ndiye utakayekuwa umesimama hapo. Na usiniulize kwa nini nisipande treni nami. Maadamu ananiona mezani kwangu, naandika, anaamini. Siku meza ikiwa tupu ataanza kukutafuta, na mkono wake ni mrefu. Mama yako atakwenda Mombasa kwa dada yake mwisho wa mwaka, yeye anafikiri ni kwa ajili ya harusi. Akishakuwa huko utamwambia wewe kwamba asirudi, kwa ustadi wako, mimi siwezi kugombana naye kwa barua.

Lakini meja atachoka. Miaka miwili, mitatu, atachoka kungoja, na siku hiyo atanikalisha mahali aniambie niandike: mwite. Nami nitaandika, mwanangu. Sitajifanya shujaa kwako. Umekwisha kuona mimi ni mtu wa namna gani mbele ya bunduki. Nitaandika vizuri, nitaweka utani wangu, nitakuita mama, nitasema mama yako amerudi hapa, yuko mahututi na anataja jina lako. Utaamini kila neno, kwa sababu nakujua pa kukushika.

Kwa hiyo tufanye hivi. Kila barua yangu nitakueleza kidogo kuhusu oksijeni yetu, kama kawaida ya mzee asiye na habari nyingine. Wanaosoma barua watapiga miayo, kama wajomba zako. Nikikwambia kwamba nimerudia hesabu na ya chini kabisa imekuja sifuri, ujue niko peke yangu, niko salama, na yaliyomo ni yangu. Nikikwambia kwamba ya chini kabisa ni moja nukta nane, ujue kuna mtu nyuma ya kiti changu. Hapo usitii chochote kilichomo. Usirudi hata ikisema nini. Usinijibu kwamba hurudi, wala usiulize. Hama hata nyumba unayokaa.

Najua itakuuma. Ukiisoma barua hiyo utadhani unanitupa. Hunitupi. Ikija hiyo moja nukta nane, lia kidogo, kisha fikiri kama mtu wa hesabu: maiti hawaandikishwi barua. Itakuwa na maana kwamba siku ile baba yako alikuwa hai, akili yake ilikuwa timamu, na alikuwa anakumbuka bakuli la Opio. Nilikutia kosa lile mikononi ukiwa mtoto, ukalizungusha mpaka vidole vikavimba. Angalau sasa litufanyie kazi.

Na ukisikia habari za Opio huko, dunia ya watu wa viini ni ndogo, mtafute. Usimweleze sababu zangu, anazijua. Mwambie tu, kutoka kwangu, karibu. Aseme lolote atakalosema, nitalipokea. Na siku mtu yeyote atakapokubebea bakuli mpaka mlangoni kukuonyesha umekosea, ukajisikia masikio yanawaka, kumbuka mimi, umpe chai kwanza, halafu ndio ukasirike.

Kesho treni ikiondoka utajisikia kama kuna kitu kinavunjika ndani yako. Hakivunjiki. Utakuwa umebebwa tu kutoka hapa kwenda pale, mzima, na kiburi chako na penseli zako zilizotafunwa. Wa kuyumba ni sisi tunaobaki. Mama yako ataweka sahani tatu kwa muda mrefu, nami nitasoma tarakimu kwa sauti halafu nikumbuke hakuna wa kuzungusha. Nakupenda, Saada. Sikulisema vya kutosha kwa sababu kwetu baba hasemi, basi nimeliandika na huwezi kulifuta.

Mama yako amekwisha kuwasha sigiri kwa ajili ya chapati zako za safari, nasikia harufu ya mkaa. Nitapitisha karatasi hizi chini ya mlango wako sasa hivi. Zisome mara mbili, uzishike kichwani, kisha nenda uani ujifanye unamsaidia na uzitie motoni, moja moja, zisiruke majivu. Akikuuliza ni nini, sema ni hesabu zilizokosewa.

Halafu uje hapa mlangoni kwangu. Usiseme lolote kuhusu barua, wala usilie. Uniulize tu kama ulivyokuwa ukiniuliza ulipochoka kuzungusha: "Baba, ya chini kabisa ni ngapi?"

Nitakujibu sifuri.

Baba yako